Cape Town kwa wawili: mlale juu ya ghala, mkanywe chai Mount Nelson

Kabla ya kuulizia hoteli Cape Town, ulizieni upepo. Kuanzia Novemba hadi Februari upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na wenyeji huuita daktari kwa kuwa husafisha hewa ya mji. Ukivuma, gari la kebo la Table Mountain husimamishwa, na wapenzi walioweka mlima jioni ya mwisho huishia kuutazama kwa chini. Kwa hiyo mlima usipewe siku. Kila asubuhi fungueni tovuti ya kampuni ya kebo; asubuhi ya kwanza yenye utulivu, acheni vingine vyote mwende. Safari ya juu ni kama dakika 5, na sakafu huzunguka polepole, basi msigombanie dirisha. Tiketi za kuanzia saa saba mchana ni nafuu kuliko za asubuhi, ila wingu likishatandaza kitambaa chake juu ya mlima, unafuu huo haukununulii chochote. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuchagua: joto bado lipo, upepo umetulia, na umati wa Krismasi umekwisha kurudi makwao. Usiku nne zinatosha. Mbili ni kuupa upepo nafasi ya kuwaharibia.

Kwa wapenzi wa jinsia moja, mji huu una kitu kisichopatikana kwingine barani kwa kiwango hiki: sheria iko upande wa mgeni. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kijinsia, na ndoa za jinsia moja zimeruhusiwa tangu Novemba 2006. Mapokezini hakuna haja ya kujiita binamu.

Tukija kwenye malazi, The Silo ndiyo hoteli inayostahili pesa za safari ya namna hii, kwa sababu moja: madirisha. Jengo lilikuwa ghala la nafaka la bandari, la 1924. Sehemu ya chini sasa ni makumbusho ya sanaa ya Zeitz MOCAA, na hoteli, yenye vyumba 28 tu, imekaa juu yake. Vioo vimetuna kuelekea nje kama mito iliyojaa pamba, na jua la jioni huingia chumbani likiwa limevunjika vipande vipande. Kabla ya kulipa, ulizeni chumba kinatazama wapi, mlimani au bandarini, mjibiwe kwa maandishi. Bei iko juu hata kwa hoteli ya nyota tano. Kasoro yake ni mahali: mko Waterfront, eneo la bandari, katikati ya maduka na watalii, na mkishuka chini faragha yote imebaki lifti.

Kosa linaloharibu usiku wa kwanza ni dogo na linajirudia. Vyumba vingi vya Afrika Kusini vina vitanda viwili vinavyounganishwa kuwa kimoja kikubwa. Mhudumu akiona majina mawili ya kiume, au mawili ya kike, anaweza kuvitenganisha kwa nia njema kabisa. Andikeni wiki moja kabla: kitanda kimoja kikubwa, godoro moja lisilo na mfereji katikati. Ombi la kwenye fomu ya kuhifadhi chumba peke yake halitoshi. Subirini jibu la mtu.

Mount Nelson, hoteli ya waridi iliyofunguliwa 1899, ina bustani tulivu kuliko The Silo, lakini si lazima mlale pale ili kuifaidi. Chai yake ya alasiri huuzwa kwa yeyote aliyeweka nafasi. Siku hiyo rukeni chakula cha mchana, maana keki haziishi. Kwa mlo mzito wa usiku kuna mgahawa wa FYN, katikati ya mji, unaochanganya vyakula vya Afrika Kusini na mapishi ya Kijapani. Nafasi itafutwe mapema, kabla hata ya ndege. Bakshishi ni asilimia 10 hadi 15.

Ufukwe ni Clifton, wa tatu kati ya minne, ambao kwa miaka mingi umekuwa wa wapenzi wa jinsia moja. Majabali huukinga na ule upepo. Maji ni ya Atlantiki, baridi ya kuumiza mifupa. Aliyezoea Nungwi au Diani atatoka kabla hajalowa mabega. Ngazi za kushuka ni nyingi na maegesho ni ya kugombania, hivyo chukueni teksi iwaache barabarani. Pombe ufukweni imekatazwa.

Jioni ni mtaa wa De Waterkant, vichochoro vya mawe na nyumba za rangi, ambako kushikana mikono hakumgeuzi mtu shingo. Bo-Kaap, hatua chache tu juu yake, ni mtaa wa Waislamu wenye misikiti ya kale. Mapenzi ya hadharani yapungue pale, kama ambavyo mume na mke wangefanya. Kurudi Waterfront usiku ni kwa gari, hata kama ramani inaonyesha umbali mfupi. Na kwenye kilima cha Signal Hill msibaki peke yenu giza likiingia: wanaopora simu wanajua wapenzi hutazama machweo, si mifuko.

Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza kwa ziara fupi, lakini anayetokea Kenya, Uganda au Kongo awe na cheti cha homa ya manjano. Plagi za kule ni za pini tatu nene za mviringo, zetu haziingii.

Lililobaki ni simu. Tanzania, Kenya na Uganda bado zina sheria za kuadhibu mapenzi haya, na ya Uganda ya 2023 ni kali zaidi. Zimeni alama ya mahali kwenye kamera tangu siku ya kwanza, na picha za wawili zihamishiwe kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nywila kabla ya kwenda uwanja wa ndege kurudi nyumbani. Mkishazifuta, msisahau folda ya zilizofutwa. Humo hukaa siku kadhaa kabla ya kupotea.