Sony MDR-ZX110 kwenye laptopu ya mtumba: miezi minane ya kusikiliza watu wakiongea

Mwaka jana nilimpelekea mteja kurasa 40 za mahojiano ya wafugaji. Kwenye ukurasa wa 17 mzee mmoja alikuwa analalamika kwamba mbuzi wake hawalali usiku, "wanaogopa sisi". Mteja wangu, mtafiti mwenye subira kuliko mimi, akanipigia simu na kuuliza kwa upole: "Samahani dada, hapo si fisi?" Nikarudi kwenye faili, nikasikiliza mara nne. Sikusikia fisi. Nikaazima spika ya jirani, nikachomeka, na fisi huyo hapo, wazi kabisa, kama anahemea mlangoni.

Kazi yangu ni kunukuu. Naletewa sauti, narudisha maandishi, nalipwa kwa dakika ya sauti. Dakika moja ya watu watatu wanaokatizana kauli inanila dakika tano, na siku ya kazi nzuri nakaa na hedifoni masikioni saa sita. Kwa hiyo mnaotafuta besi ya singeli mnisamehe. Hapa nazungumzia hedifoni kama mkulima anavyozungumzia jembe.

Iliyomficha fisi ilikuwa ya Bluetooth, kubwa, ya kukunja, zile zinazopangwa kwa rangi kama maembe kwenye meza za machinga. Niliinunua 25,000. Kwa muziki haikuwa mbaya. Lakini ilitengenezwa ili ngoma ipige, na sauti ya mtu, hasa mzee anayeongea chini huku upepo unavuma, ilizama humo kama kokoto kwenye uji.

Tatizo kubwa zaidi nililigundua baadaye, na hili liko kwa hedifoni nyingi za Bluetooth, hata za bei. Ukiwa unasikiliza tu, laptopu inaipelekea sauti nzuri ya pande mbili. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni hiyo, laptopu inahamia kwenye mtindo wa simu. Kwenye Windows 10 utaona hedifoni moja imeorodheshwa mara mbili, moja imeandikwa Stereo, nyingine Hands-Free. Hiyo ya pili ndiyo inayogeuza mahojiano kuwa simu ya mezani. Simu za zamani zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na kinachotenganisha "s" na "f" kwa sehemu kubwa kinakaa juu ya hapo. Ndiyo maana mtu akikutajia jina geni kwenye simu unamuuliza, "S ya sukari au F ya farasi?" Siku ile nilikuwa nimeacha programu ya mikutano wazi nyuma ya dirisha la kazi. Fisi akawa sisi.

Kabla ya hiyo niliwahi kuwa na ile inayomeza sikio zima, ya ngozi ya bandia. Februari ya Dar, feni inasukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine, na wewe umevaa sufuria mbili masikioni. Baada ya muda ngozi ikaanza kubanduka vipande vyeusi vikabaki kwenye mtandio wangu. Mama mmoja kwenye daladala akanipangusa begani kwa huruma, alidhani ni ugonjwa. Iafoni za kupachika ndani ya masikio nazo nilizijaribu. Zinafaa kwa simu. Saa ya pili masikio yanawasha.

Basi nikajiwekea masharti: ya waya, pini ya kawaida ya milimita 3.5, nyepesi, iingie kwenye begi la laptopu bila kuvunjika, isizidi 50,000, na fisi asikike.

Nikashuka Mwendokasi kituo cha Msimbazi, begi nimelivaa kifuani, wanaoijua Kariakoo wanajua kwa nini, nikakata kuelekea Aggrey. Laptopu nilikwenda nayo. Hili nalisisitiza kwa sababu kila muuzaji atakujaribishia hedifoni kwenye simu yake, kwa wimbo wake, sauti hadi mwisho. Kwa namna hiyo hakuna hedifoni mbaya Kariakoo nzima.

Duka la kwanza wakakataa kufungua boksi. "Dada, ukifungua umenunua." Nikaaga. La pili nikapewa hedifoni yenye jina kubwa la dunia, ila herufi moja imezidi. Nikamwonyesha kijana. Akaangalia, akacheka, akasema, "Hiyo ni toleo jipya." Nikaijaribu hata hivyo, kwa udadisi. Nina faili moja ambayo anayeuliza amerekodiwa upande wa kushoto na anayejibu upande wa kulia. Hapo waliongea wamebadilishana viti.

Duka la tatu ni chumba chembamba cha ndani, unapita kwanza kwenye kava za simu. Aliyekuwepo ni kijana mpole, umri wa mdogo wangu wa mwisho.

"Unataka ya kusikilizia nini, dada?"

"Watu wakiongea."

Akanitazama kidogo, akapanda ngazi, akashusha Sony MDR-ZX110 nyeusi. "Hii haina mbwembwe," akasema. "Haina taa, haina redio, haina besi ya kutisha. Wanafunzi wanaichukua sana."

Nikafungua laptopu juu ya meza ya kioo, nikachomeka, nikapeleka faili dakika ya 52. Mzee akaongea. Fisi. Nikarudisha nyuma. Fisi tena. Nikamvalisha kijana, nikamuuliza anasikia nini. "Mzee wa mbuzi," akasema, "anaogopea fisi." Nikajua nimefika.

Nikazungusha pini taratibu ndani ya tundu, sauti haikukatika. Nikaushika waya pale unapoingia kwenye kikombe, nikaukunja huku na huku, kimya. Hapo ndipo hedifoni nyingi za bei nafuu hufia, kwenye zile sentimita mbili za mwisho za waya, kwa hiyo usione haya kuzitomasa mbele ya muuzaji. Bei ilianzia 60,000. Tukavutana, nikaondoka hatua tatu, nikaitwa, tukakubaliana 45,000 na risiti ya mashine.

Sasa ni mwezi wa nane tangu niinunue. Uzito wake ni kama gramu 120, yaani huusikii. Vipaza ni vya milimita 30, ukinzani omu 24. Nitoe maana ya hiyo namba ya mwisho kwa mnunuzi wa kawaida: haihitaji nguvu nyingi. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, na sauti naiweka chini ya nusu, inatosha. Hilo lina faida yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mimi wiki ya kazi nzuri nazikaribia hizo saa 40. Hedifoni inayokulazimisha kupandisha sauti ili uelewe maneno inakula masikio yako polepole.

Sauti yake ya watu iko mbele, kavu kidogo. Muziki wa taarabu unasikika vizuri upande wa mwimbaji na violini, chini panakosa mwili. Kama kazi yako ni kuchanganya muziki, hii siyo yako.

Inakaa juu ya sikio, hailizungushi. Kwa wanaovaa miwani kama mimi, baada ya saa mbili hivi mikono ya miwani inabanwa kwenye kichwa, na dawa yake ni kuisogeza hedifoni nyuma kidogo au kupumzika, jambo ambalo mwajiri wako angependa usilijue. Na kwa wanaovaa mtandio, jambo ambalo sijawahi kuona mtu ameliandika: kitambaa kinabadilisha sauti. Shifoni nyepesi haidhuru kitu. Mtandio wa kitambaa cha jezi, kile kizito kinachovutika, unafunika zile "s" na "sh" zote, unajikuta unapandisha sauti bila kujua kwa nini. Nikiwa nyumbani peke yangu navua. Nikiwa nje navaa shifoni, na hedifoni naivaa juu yake, utepe ukiwa nyuma kidogo ya utosi ili isiteleze.

Waya una mita 1.2. Mezani na laptopu unatosha na kubaki. Ukitaka kuegemea kitini na kunyoosha miguu, utakukumbusha kwamba umefungwa. Vikombe vinazungushwa vikalala bapa, naiingiza kati ya chaja na daftari.

Toleo hili halina maiki. Wengi hawaangalii, wanafika nyumbani wanalalamika kwenye mkutano kwamba hawasikiki. Angalia pini kabla ya kulipa: ikiwa na vipete viwili vyeusi, ni ya kusikiliza tu. Ikiwa na vitatu, ina maiki. Sony wana toleo la MDR-ZX110AP lenye maiki kwenye waya. Kisha angalia na laptopu yako. Kama ina tundu moja lenye alama ya hedifoni na maiki pamoja, pini ya vipete vitatu itafanya kazi. Kama ina matundu mawili, moja la kusikia na moja la kuongea, utahitaji kile kiunganishi chenye mikia miwili, ni cha bei ndogo. Mimi kwenye mikutano natumia maiki ya laptopu yenyewe, na hakuna aliyelalamika isipokuwa siku jirani alipokuwa anatwanga kisamvu.

Na kama umenunua laptopu ya mtumba ukakuta tundu la hedifoni limekufa, usikimbilie Bluetooth. Kuna kadi ndogo za sauti za USB, ukubwa wa kidole gumba, unachomeka pembeni na hedifoni unaichomeka humo. Dada mmoja tunayefanya naye kazi ameishi na hiyo mwaka mzima.

Binamu yangu alirudi kutoka Marekani na Koss Porta Pro, ile ya mtindo wa zamani yenye sponji nyembamba, iliyotoka mwaka 1984 na bado inatengenezwa kwa sura ileile. Kule bei yake ya kawaida ni kama dola 50. Niliiazima wiki moja na nikairudisha kwa shingo upande. Ni nyepesi kuliko yangu, inakunjika ikawa kama konzi la mtoto, na sauti ya mtu inasikika kama yuko chumbani. Lakini imetengenezwa wazi nyuma: unachosikia wewe anakisikia na wa pembeni, na cha pembeni kinaingia kwako. Mtaani kwetu hiyo ni bodaboda, blenda ya muuza juisi, na watoto wa madrasa wakirudia herufi. Usiku wa manane ni hedifoni ya ajabu. Mchana ni kuketi barazani.

Tena kwangu kuna la siri. Mwezi wa nne nilipanda treni ya SGR kwenda Dodoma, nikafungua laptopu kwenye meza ndogo nikafanya kazi njiani. Faili ilikuwa ya wanawake wakieleza mambo ya ndoa zao, waliahidiwa hayatatoka. Kaka wa siti ya pembeni alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu tangu Morogoro. Nilivua hedifoni, nikaishika hewani karibu na sikio langu. Kwa kiwango ninachosikilizia, hakuna kilichovuja. Yule kaka alikuwa amelala tu. Kwa Porta Pro ningeifunga laptopu.

Sponji za vikombe nimezivika kitambaa cha khanga iliyochakaa, nimekishona na lastiki, nafua kila Ijumaa. Jasho linaishia kwenye khanga. Shangazi yangu ameniuliza kama ni fasheni.

Baada ya kununua nililipitia faili lile la wafugaji lote upya, kurasa zote 40, bure, kwa sababu aibu nayo ina gharama zake. Ukurasa wa 31 mwenyekiti wa kitongoji anasimulia usiku wa wizi wa ng'ombe. Nilikuwa nimeandika: "Askari walishika wawili." Nikarudisha nyuma mara tatu. Askari *walifika* wawili. Wezi hawakushikwa hata mmoja. Nikasahihisha, nikamtumia mteja saa tano usiku. Akajibu saa hiyohiyo: "Nilikuwa nashangaa mbona mbele anasema ng'ombe hawakurudi."