Ukurasa wa shughuli wa Common App: tulivyoujaza juu ya meza ya kukatia nguo

Kuna ukurasa mmoja tu ninaotaka kuuzungumzia kwenye Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani: ule wa shughuli za nje ya darasa. Ndio uliotutoa jasho, na ndio uliotupotezea pesa kabla hatujaufungua wenyewe. Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe. Binti ninayemsema ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu darasa la tatu, na sasa amemaliza kidato cha sita.

Nianze na pesa. Tulipanda basi hadi Dar kwa mtu anayejiita mshauri wa maombi ya vyuo. Jina lake silitaji. Alichukua shilingi 600,000, akamuuliza binti maswali kwa dakika ishirini hivi, na wiki iliyofuata akatutumia orodha ya shughuli kumi. Ya kwanza ilisema binti ni mwanzilishi na rais wa taasisi ya kuwainua wasichana. Taasisi hiyo haipo wala haijawahi kuwepo. Ya nne ilimfanya nahodha wa netiboli, na yeye alikuwa mchezaji wa akiba kwenye timu ya shule iliyofika ngazi ya wilaya ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Kazi anayofanya na mimi humu dukani haikuwemo kabisa. Binti alipompigia kuuliza, akajibiwa kwamba kushona hakumvutii mtu Marekani. Nilipoomba pesa irudi, haikurudi.

Maneno hayo yaliniuma kuliko zile laki sita. Mtoto alikaa siku mbili hasemi, kisha akaniambia, "Mama mdogo, kumbe maisha yangu hayana cha kuandika."

Basi tukafungua akaunti ya Common App wenyewe, kwenye kompyuta ya jirani mwenye stationari. Akaunti ni bure. Ada ya maombi hupangwa na kila chuo kivyake, vingine havitozi, na ndani ya fomu kuna mahali pa kuomba usamehewe ada kama uwezo ni mdogo. Fomu mpya hufunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka, ila sisi tulianza mwezi wa tisa, kwa sababu alikuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, miezi mitatu na huko hakuna simu.

Ukurasa wenyewe uko hivi. Kuna nafasi kumi. Kila shughuli unaichagulia aina kwenye orodha ndefu, kisha unaandika cheo au nafasi yako kwa herufi 50, jina la kikundi kwa herufi 100, na maelezo kwa herufi 150, ukihesabu hata nafasi kati ya maneno. Chini yake unataja uliifanya ukiwa madarasa gani, wakati wa masomo au wa likizo, saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Unazipanga kuanzia ile yenye uzito zaidi kwako.

Kwenye ile orodha ya aina, binti akashuka taratibu akisoma na kunitafsiria: mijadala, muziki, dini, sayansi. Halafu akasimama. Kuna aina inaitwa majukumu ya familia. Nilimwambia arudie. Imo kwenye orodha ileile, pamoja na michezo na uongozi wa wanafunzi, na kazi ya kulipwa nayo ina mahali pake. Yaani wenye fomu wamekaa wakamfikiria mtoto anayetoka shule na kuingia kazini nyumbani. Kwa hilo peke yake ninawapa heshima yangu yote.

Tulibishana kidogo kama kushona ni kazi ya kulipwa au jukumu la familia. Simlipi mshahara, duka ndilo lililomsomesha. Tukaweka familia. Maelezo aliyaandika kwa Kiingereza, lakini kwanza tuliyakata kwa Kiswahili, na nayaweka hapa kama yalivyokuwa: "Napima, nakata na kushona sare za shule, zaidi ya 60 kila Desemba. Natunza daftari la madeni. Nilimfundisha binti mmoja kushona vifungo." Tuliyahesabu, hayafiki 150. Jaribio lake la kwanza lilianza na "nina shauku kubwa ya ubunifu na uongozi", na herufi zikaisha kabla hajataja hata sare moja. Ufinyu wa kisanduku ukatulazimisha kutupa maneno matamu na kubaki na idadi na vitendo. Kwa mlezi anayeanza, ushauri wangu ni huo: mwulize mtoto alifanya nini kwa mikono yake, mara ngapi, na nani alifaidika. Cheo kama hana, aandike kazi aliyoifanya. Kile kisanduku cha herufi 50 sisi tuliandika "fundi msaidizi".

Ya pili ilikuwa kumhudumia bibi yake mwenye kisukari, kumpima sukari na kumchoma sindano kila anapokuwa nyumbani. Ya tatu kufundisha watoto wadogo madrasa. Zikafuata klabu ya mazingira shuleni, netiboli (mchezaji wa akiba, kama ilivyokuwa), na JKT. Hiyo ya mwisho haina aina yake. Kuna ya mafunzo ya kijeshi ya shule za Marekani, lakini hiyo si yetu, tukaiweka kwenye "nyingine" na kueleza.

Sita tu. Nafasi nne tukaziacha wazi, na usiku ule sikulala vizuri. Kilichonituliza ni binti kuniambia kwamba MIT, chuo maarufu cha teknolojia cha Marekani, ambao wana fomu yao wenyewe, wanaomba shughuli nne tu. Vyuo vya University of California navyo vina fomu yao, yenye nafasi 20 na maelezo marefu zaidi, herufi 350. Kila mwenye nyumba na mlango wake. Ila nne zikiwatosha MIT, sita zetu za kweli si aibu.

Kasoro zipo. Madarasa yamepangwa kwa hesabu ya Marekani, la tisa hadi la kumi na mbili, na mtoto wa kidato inabidi alinganishe mwenyewe. Sisi tulihesabu miaka minne ya mwisho. Mwulizeni mwalimu anayejaza sehemu ya shule kwenye maombi hayo, ili hesabu zenu zisigongane. Shida kubwa zaidi ni saa. Kila shughuli ina kisanduku kimoja cha saa kwa miaka yote. Huyu alipokuwa kutwa, kidato cha tatu na cha nne, alishona saa 9 kwa wiki, wiki 40. Alipoingia bweni kidato cha tano akawa anashona likizo tu, saa 30 kwa wiki, wiki 10. Moja inatoa saa 360 kwa mwaka, nyingine 300. Tukaandika ile ndogo, na tofauti tukaieleza kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Sikutaka namba ambayo mtoto angeulizwa kwenye mahojiano akababaika.

Kabla ya kutuma, fomu inakuonyesha kurasa zote kama chuo kitakavyoziona. Msiruke hapo. Ndipo tulipogundua kwamba bibi alikuwa ameshuka hadi namba tano.

Kwa anayehitaji mtu wa kumwuliza, upo mtandao wa EducationUSA, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ndio ningeuendea kwanza ningejua mapema.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya kile kisanduku cha saa. Binti alituma saa mbili usiku stationari ikikaribia kufungwa, tukarudi kwa miguu, na njiani akaanza kuniuliza kama kitambaa cha sare za Desemba nimeshaagiza.