Maktaba moja ya huku Amu, rafu zake zachekesha

Jumamosi nlipita na mdogo wangu wa fomu tatu maktaba moja hapa Amu, jina niacheni nisitaje, alikuwa anatafuta kitabu cha fizikia. Mahali penyewe pazuri wallahi, dirisha laangalia bahari, upepo mwanana. Sasa njoo kwenye rafu. Historia imejaa mpaka vitabu vyalazwa juu ya vingine, fizikia nimehesabu viwili, kimoja hakina jalada na kurasa za umeme zimeng'olewa, dogo akanitazama tu.

Kumbe wanapanga kwa namba za Dewey, yule Mmarekani aliyetoa mfumo huu wa kupanga vitabu vya maktaba 1876, elimu yote mafungu kumi kuanzia 000 hadi 900. Ona mgao wenyewe sasa: dini ni 200, lakini Ukristo umejinyakulia kuanzia 220 mpaka 280 na kitu, Uislamu wote, tafsiri, fiqhi, hadithi, umebanwa ndani ya 297. Kwa mji kama huu wenye msikiti kila kichochoro hiyo namba moja inafurika, na za 230 zina nafasi mpaka paka analala! Fasihi vilevile, Waingereza wana 820 yao nzima, Kiswahili kimesukumwa huko 896, mashairi yetu yako chini kabisa, upige magoti.

Bi anayehudumu lakini hana baya, alituandikia namba zote kwa mkono kwenye kikaratasi. Nyota tatu. Wakileta fizikia naongeza moja, na ile feni ya nyuma waitengeneze jamani.