Kaunta ya Geiger ya kujiunganishia: inunuliwe kwa ajili ya ishara zake za uongo

Seti ya kaunta hii, kifaa cha kuhesabu mionzi, huuzwa mtandaoni: bodi moja, bomba la kioo aina ya J305 linalohisi mionzi, vishikizo, spika ndogo na taa. Hutumia volti 5, na bei yake haifikii ya simu janja ya kawaida. Anayetaka kupima usalama wa chakula aiache, haimfai. Ila klabu ya fizikia hapa Mwanza ikitaka kuelewa kwa nini wanaotafuta maada ya giza (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu) chini ya ardhi hukutana na ishara wasizozitarajia, kwa bei hii haitapata cha kuishinda.

Ikiwa mezani tu, bila chanzo chochote, kaunta isiyo na hitilafu huhesabu kama mapigo 15 hadi 30 kwa dakika. Sehemu hutoka kwenye mawe yetu ya itale, yenye urani, thori na potasiamu. Sehemu ni muoni, chembe zinazopenya sana za kutoka angani. Dakika moja haitoshi kuamua lolote: ukipata 25, tano juu au tano chini ni bahati tu, kwani mtawanyiko ni kipeuo cha pili cha idadi. Hesabu saa nzima. Hata wakubwa hupiga hesabu hii: mwaka 2020 XENON1T, mashine ya kutafuta maada ya giza kwa zenoni iliyokuwa chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, ilitangaza kuwa ilitarajia matukio 232 ikapata 285. Kipeuo cha 232 ni kama 15, kwa hiyo ziada ile ya 53 haikuwa ya kupuuzwa. Wapo waliotaja axioni za Jua, chembe za kinadharia ambazo bado hazijaonekana. Wengine wakashuku tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) kidogo ndani ya zenoni. Mwaka 2022 mrithi wake, XENONnT, ambayo kelele zake (ishara zisizotakiwa) zilikuwa takriban moja ya tano ya zile za XENON1T, haikuiona ziada hiyo.

Kaunta hii nayo ina ziada zake. Kipimo cha kwanza: chomoa bomba, acha bodi iwake. Isome sifuri. Ikiendelea kuhesabu, hiyo si mionzi. Tafuta simu iliyo karibu, inveta ya sola, au umeme uliokatika na kurudi. Kioo cha J305 pia husikia mwanga wa jua, hivyo funga bomba kwa tepu nyeusi. Karibu na ziwa unyevu hupitisha umeme juu ya bodi: safisha kwa spiriti, kausha, kisha weka ndani ya kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Kasoro kubwa ni skrubu ya kurekebisha volti kali ya bomba. Bomba linataka karibu volti 400, lakini mita ya kawaida yenye ukinzani wa megaomu 10 huubebesha mzigo mzunguko na kuonyesha pungufu. Fundi akiamini mita ataipandisha skrubu, na bomba litaanza kujipigia lenyewe, halafu life mapema. Unganisha rezista 10 za megaomu 100 kila moja kwa mfululizo kabla ya mita, kisha zidisha usomaji kwa 101. Zima na usubiri kabla ya kugusa.

Jaribio linaloipa seti hii thamani ni la radoni, gesi yenye mionzi inayotoka kwenye mawe na udongo. Katika chumba kilichofungwa, hasa kilichojengwa dhidi ya mwamba, funika feni inayozunguka kwa kitambaa chembamba cha pamba kwa saa moja ili kinase chembe zenye mionzi zinazozaliwa na radoni, kisha kikunje juu ya bomba. Hesabu hupanda, halafu hushuka hadi nusu kila baada ya dakika 30 hadi 40. Chanzo kilicho thabiti hakishuki hivyo: mbolea ya potashi kutoka duka la pembejeo itasoma vilevile leo na mwakani.

Andika pia siku za mvua, maana mvua huangusha chembe hizo za radoni na hesabu hupanda kwa muda. Asiyeandika anaweza kudhani amegundua ishara inayobadilika kwa majira. Swali la majira ndilo lililoisumbua DAMA/LIBRA, jaribio jingine la Gran Sasso la kutafuta maada ya giza, ambalo ishara yake ilipanda kila mwaka karibu na mwanzo wa Juni. ANAIS-112 ya Hispania na COSINE-100 ya Korea Kusini, zenye fuwele za aina ileile, hazikuiona.

Nunua seti mbili. Mabomba mawili yakilazwa moja juu ya jingine, na yakahesabiwa tu yanapopiga ndani ya milisekunde moja, mapigo 25 kwa dakika kila moja yatagongana kwa bahati kama mara moja kwa saa. Yanayozidi hapo kwa sehemu kubwa ni muoni, zinazopenya mabomba yote mawili. Nyota nne kati ya tano. Moja imekatwa kwa vishikizo vigumu: vitanue kwanza kwa koleo, na usilehemu kwenye ncha za bomba.