Kadi ya grafiki ya kazi na gemu: ipi ununue ukiwa Mtwara

Kompyuta nyingi za mezani utakazozikuta Mtwara mjini, iwe steshenari za Chikongola, ofisi za wachora ramani au vyumba vya wanachuo, zilistaafu maofisini huko nje kabla ya kufika kwetu: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu, hazisumbui, ila hazikuundwa kubeba kadi kubwa ya grafiki, ile inayotengeneza picha za kwenye kioo. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kadi yenye mbio kuliko zote. Unaanza na bisibisi.

Fungua kasha, soma kibandiko cha pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine. Zile mashine nyembamba nyingi zina wati 180 hadi 255, na pawasaplai yake ina umbo la kiwanda chake, kwa hiyo huwezi kuing'oa ukapachika yoyote ya dukani. Nafasi ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, hutoa hadi wati 75 basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huja na tundu la waya wa pini 6 au 8, na waya huo mara nyingi hutaukuta kwenye mashine hizi. Wapo mafundi watakaokuambia "tutaunga tu" kwa adapta ya kutoka waya wa diski. Kataa. Waya ule haukutengenezwa kwa mzigo huo, na plastiki yake ikianza kuyeyuka utainusa kabla hujaiona.

Halafu tazama monita. Kama ni ya zamani yenye tundu la VGA pekee, kadi za sasa hazina tundu hilo. Utahitaji adapta ya kugeuza HDMI au DisplayPort kwenda VGA, ile yenye chipu ndani. Waya mtupu hautoi picha. Agiza pamoja na kadi usije ukakaa na kadi mpya na kioo cheusi wiki nzima.

Sasa kazi. Kama kazi yako ni AutoCAD ya ramani bapa, QGIS ya viwanja, au kuandaa hesabu za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) msimu wa korosho, kadi kubwa haikusaidii kitu; ongeza ramu na uweke SSD, ile diski ya kasi, hela inayobaki fanyia mengine. Wanaohitaji kadi kwa kazi ni wa aina mbili. Kwanza wanaohariri video za harusi, kipaimara na sherehe za watoto kutoka unyagoni. Hawa wanafaidika na NVENC, kile kipande ndani ya chipu za kampuni ya NVIDIA kinachotengeneza faili la video bila kuichosha prosesa. Pili ni wabunifu wa majengo na wachora 3D wanaotumia Blender au Lumion. Hawa kilio chao ni memori ya kadi, ile VRAM.

Na hapo ndipo kazi na gemu zinapoachana. Gemu ikikosa memori unashusha ubora wa picha, mechi inaendelea. Kazi ikikosa memori inagoma: DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, inakuandikia kwamba memori ya GPU, yaani ya kadi, imejaa, na mteja anataka video yake Jumamosi. Kwa mashine ya kufanya yote mawili, mimi huchagua kadi yenye memori nyingi na mbio za wastani kuliko yenye mbio na memori finyu. Mpangilio wangu umefuata hilo.

1. RTX 3060 ya GB 12

Ilitoka 2021, na kwa mtu wa kazi na gemu mwenye bajeti ya kawaida bado sijaona ya kuishusha. GB 12 zinatosha miradi mingi ya Blender na video za 4K zisizo na mbwembwe nyingi. Gemu za mpira na GTA V kwenye monita ya 1080p inazipeleka bila kutoa jasho. Inakula wati 170, kwa hiyo inataka kasha la kawaida na pawasaplai ya wati 550 ya kuaminika. Kwa mwenye mashine nyembamba hii maana yake ni kuhama kasha, mazabodi na kila kitu, na gharama hiyo iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mtego upo kwenye jina. Kuna RTX 3060 nyingine ya GB 8 iliyotoka mwishoni mwa 2022, ina njia nyembamba ya memori na ni dhaifu zaidi, lakini boksi linafanana. Muuzaji akikwambia "3060 ni 3060 tu, bosi," omba picha ya kibandiko.

2. RTX 3050 ya GB 6

Hii ndiyo itakayowahusu wengi huku kwetu. Inakula wati 70, inajitosheleza kwa umeme wa nafasi ya PCIe, haidai waya wowote. Zipo za kimo kifupi, mara nyingi zenye herufi LP kwenye jina, zinazoingia kwenye baadhi ya OptiPlex nyembamba. Hakikisha boksi lina kile kibati kifupi cha nyuma, kwa sababu kadi zilizotumika huuzwa na kibati kirefu peke yake, na kupata kifupi chake kivyake ni shughuli. Ina NVENC nzuri, gemu za 1080p inazimudu ukishusha ubora kidogo, na Blender inaitambua vizuri. Usiichanganye na 3050 ya GB 8 ya 2022, ambayo ina mbio zaidi lakini inataka waya wa umeme.

Ukiniuliza kwa nini isiwe namba moja wakati ndiyo inayoingia kwenye mashine nyingi: ni hizo GB 6. Mtu wa 3D atazimaliza mapema.

3. RX 9060 XT ya GB 16 au RTX 5060 Ti ya GB 16

Kama mnada wa korosho umelipa vizuri na unajenga mashine mpya kabisa, angalia hapa. Zote ni za 2025. Bei zilizotangazwa siku ya kuzinduliwa zilikuwa dola 349 kwa RX, ambayo ni ya kampuni ya AMD, na dola 429 kwa RTX ya NVIDIA. Kariakoo utaongeza juu ya hapo kodi, usafiri na faida ya muuzaji. Anayecheza gemu zaidi achukue ya AMD abakize hela. Anayerenda (kutoa picha ya mwisho ya 3D) kwa Blender au kuhariri video kila siku alipe tofauti, maana programu nyingi za kazi bado zimezoea NVIDIA zaidi. Kadi zote mbili zina toleo la GB 8. Kwa kazi liache.

4. RX 6600

GB 8, wati 132, nzuri kwa gemu kuliko 3050 kwa mbali. Ikipatikana ya mtumba kwa bei nafuu na kazi zako ni nyepesi, chukua.

5. Arc B580 ya Intel

Kwenye karatasi inavutia: GB 12, dola 249 ilipotoka Desemba 2024. Tatizo ni kwamba inategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, ambacho lazima kiwepo na kiwashwe kwenye BIOS, ile mipangilio ya mazabodi. Intel wenyewe, kwa prosesa zao, wanashauri kizazi cha 10 kwenda juu. Ukiiweka kwenye mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 itawaka, utashangilia, kisha gemu itaanza kukwamakwama. Ni kadi ya mashine mpya.

Zisizofaa nazo ni nyingi. GT 730 ya GB 4 ni kadi ya 2014 iliyovishwa memori nyingi ili boksi lipendeze. GTX 1050 Ti imewatumikia watu vizuri, lakini NVIDIA waliacha kuitengenezea draiva mpya za gemu mwishoni mwa 2025, imebaki na marekebisho ya usalama tu. RX 580 bado inauzwa sana, na nyingi zimeandikwa 2048SP kwa maandishi madogo: hiyo ni RX 570 kwa jina la kaka yake. Tena Cycles, injini ya kurenda ya Blender ya sasa, haiwezi kuitumia, itarudisha kazi yote kwa prosesa. Na zipo kadi za bandia zilizobadilishwa programu ili zijitambulishe kwa jina kubwa.

Za mtumba, basi, zipimwe. GPU-Z ni programu ya bure, inaonyesha chipu halisi, na mara nyingi kadi ya bandia inaiandika wazi kuwa ni bandia. Kisha iendeshwe FurMark, programu ya kuichosha kadi, kwa dakika kumi na tano huku ukitazama joto na kusikiliza feni. Kadi nyingi zilizotumika zilichimba sarafu za kidijitali hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji. Hilo peke yake halinitishi. Feni zilizolegea ndizo zinazonitisha, na kutu pia. Ukinunua ya mtu aliyekaa Shangani au Mikindani, upepo wa bahari umeshaipitia, chungulia visu vya kipoza joto na skrubu zake.

Gesi ya Mnazi Bay iko jirani na bado umeme hukatika, kwa hiyo weka UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, kwenye bajeti. Ile ndogo ya VA 650 kwa kawaida inabeba kama wati 360 hadi 390. Mashine yenye 3060 ikiwa kwenye gemu, pamoja na monita, inakaribia hapo, na betri iliyochoka itaizima papo hapo. Yenye 3050 ya wati 70 itakupa dakika za kuhifadhi kazi.

Kuhusu kuagiza Dar: kilomita zaidi ya 500 za barabara hubadilisha maana ya waranti. Kadi ikifika mbovu, gharama ya kuirudisha kwa basi na siku za kusubiri ni zako. Mwombe muuzaji akurekodie video ya WhatsApp kadi ikiwa inafanya kazi, GPU-Z ikionekana pamoja na namba ya kadi kwenye kibandiko, kabla hujatuma hela. Namba hiyo iandikwe kwenye risiti. Na kama unanunua mashine nzima, aing'oe kadi aifungashe peke yake kwenye boksi lenye sponji, kwa sababu kadi nzito ikisafiri imening'inia ndani ya kasha hadi stendi ya Mtwara, kinachovunjika kwanza ni nafasi ya PCIe, na hiyo hakuna muuzaji atakayekubali kuilipia.