Uzoefu wangu na mafundi wa chokaa: nyumba yetu ya Mji Mkongwe

Kama una nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Unguja, na unataka kuishi humo na watoto, tafuta kwanza mafundi wanaoijua chokaa. Sisi tulipata kikundi kidogo chini ya mzee mmoja aliyerithi kazi kwa babake, na ninawasifu kwa moyo wote.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, unene karibu nusu mita. Kabla hatujaingia, kuna mtu alikuwa amezipiga lipu ya saruji. Mzee alipofika hakutaja bei. Aligonga ukuta wa jikoni kwa kitako cha nyundo, akasikiliza, akachokoa kidogo, na lipu ikabanduka kipande kizima. Nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa imelowa, ukiishika inafinyika. "Mwanangu, ukuta huu umezibwa pumzi," akasema. Maji yanapanda kutoka chini, saruji haiyaruhusu kutoka, yanabaki ndani yakiila chokaa na kuozesha vichwa vya boriti.

Chokaa yao waliiloweka shimoni muda mrefu kabla ya kuitumia. Lipu ilipigwa tabaka kwa tabaka, na kijana mmoja kazi yake ilikuwa kupita na ndoo na brashi kuurushia ukuta maji, maana chokaa ikikauka haraka hupasuka.

Choo cha juu ndicho kilichonitia hofu. Sakafu za nyumba hizi zimelala juu ya boriti za mikoko, ambazo si ndefu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, na zege zito hazilitaki. Walikagua boriti mojamoja, wakatoa zilizooza, kisha wakapanga choo cha juu na cha chini mahali pamoja ili mabomba yashuke upande wa uani bila kupasua kuta. Tangi la maji walikataa kabisa kulipandisha juu: lita 1,000 ni tani nzima. Liko uani, na pampu inasukuma.

Kinachoudhi ni kwamba hawaandiki. Makadirio yalikuwa ya mdomo mpaka nilipodai kila kitu kiingie daftarini. Na kazi yao haikimbizwi. Mwenye haraka ya kuhamia asiwaite.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe fuatilia mwenyewe, kabla nyundo haijagusa ukuta. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Milango, madirisha na baraza havibadilishwi kiholela.

Rangi ya plastiki walinikataza, nayo inaziba ukuta vilevile. Tumepaka chokaa nyeupe. Mikono ya watoto inaichafua, lakini kuirudia ni ndoo moja na brashi, na hewa ya vyumbani haina tena ule uvundo wa masika. Paa bado, hao hao ndio tutakaowaita.