Deodoranti za asili: ipi ya kununua kwanza na ipi ya kuiacha dukani

Kabla hujatoa hela jua hili kwanza, jasho lenyewe halinuki. Jasho la mwili mzima ni maji na chumvi tu, ila lile la makwapani na kwenye kinena linatoka kwenye tezi zingine kabisa, zile zinazoamka mtu akibalehe, hilo lina mafuta mafuta na protini ndani yake, na hata hilo likitoka linakuwa halina harufu ya maana mpaka bakteria wa kwenye ngozi waanze kulila. Hao ndo wanaotengeneza kikwapa. Yuko mmoja anaitwa Staphylococcus hominis, huyu anatoa kemikali zenye salfa, ile harufu ya kitunguu kilicholala, na salfa hata ikiwa chembe tu pua inaikamata.

Sasa antipaspiranti za kawaida zina chumvi za aluminiamu zinazoziba vijitundu vya jasho, ndo maana unakaa mkavu. Deodoranti za asili hazizibi kitu. Utatoka jasho kama kawaida, kinachobanwa ni bakteria na harufu, kwa hiyo ukinunua ukitegemea shati lisilowe utaishia kuitukana bure. Na neno "asili" kwenye kopo lisikubabaishe, haliambii mtu chochote, hata picha ya majani na maua vilevile. Geuza kopo usome nyuma. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kushuka chini, sasa kile kitu wanachokisifia kwa maandishi makubwa mbele ukikikuta kule mwisho kabisa, baada ya manukato, ujue kimewekwa cha kupigia picha.

Orodha yangu hii hapa, kuanzia ya kwanza.

Namba 1: krimu au stiki yenye magnesiamu hidroksidi au zinki

Magnesiamu hidroksidi ndo ule unga mweupe uliomo kwenye maziwa ya magnesia, ile dawa ya kulainisha choo. Inapunguza harufu vizuri, na uzuri wake hauyeyuki ovyo kwenye maji, yaani inatoka kidogo kidogo kadri unavyotoka jasho badala ya kuivamia ngozi yote kwa mkupuo, ndo maana watu wengi waliowashwa na bekingi soda hii wanaivumilia bila shida. Zinki oksidi nayo ni ile ile ya kwenye krimu za vipele vya nepi, inatuliza ngozi na inawabana bakteria kiasi. Halafu kuna zinki risinoleti, inatengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, hii haiui bakteria hasa, inachofanya inaikamata harufu ikishatoka. Ukipata kopo lenye viwili kati ya hivi vitatu kwenye mistari ya juu ya lebo, chukua.

Ya kopo inapakwa hivi: chota kiasi cha punje ya njegere, isugue kidogo kati ya vidole mpaka ilainike, halafu paka kwenye kwapa lililokauka kabisa, na kukauka namaanisha kukauka, sio umetoka bafuni umejifuta mara moja unapaka. Ukizidisha haikai vizuri zaidi, inaishia kwenye nguo tu, na kwenye nguo nyeusi utaona mistari myeupe ambayo kila mtu ataiona kabla yako. Wabana matumizi wanachukua maziwa ya magnesia yenyewe, yale yasiyo na ladha, wanatia tone kwenye pamba wanapaka wanaacha yakauke. Hiyo inafanya kazi kweli, kasoro yake ni ule unga unaobaki, unadondoka dondoka ukivua nguo.

Namba 2: za asidi

Hizi sio za kila mtu ila zikikukubali hutarudi nyuma. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH yake (kipimo cha uasidi, namba ikishuka asidi inazidi) ni kama 4.5 mpaka 5.5, na bakteria wa kikwapa hawapendi ikishuka zaidi. Kwa hiyo unapaka maji maji yenye asidi ya glaikoliki, laktiki au mandeliki, na uwanja wao unakuwa mgumu. Hazina mafuta, hazichafui nguo, hazina unga, na chupa inakaa muda maana unatumia matone tu. Wengine wananunua tona ya uso yenye glaikoliki asilimia 5 hadi 7 wanahamishia kwapani, hakuna ubaya, ni kitu kilekile.

Ila usipake siku uliyonyoa. Sisemi kwa kutisha, kwapa lililonyolewa lina mikwaruzo usiyoiona na asidi itakuchoma mpaka uinue mikono juu ukijipepea. Anza siku moja moja, sio kila siku, na ngozi yako ikiwa nyepesi chagua mandeliki maana molekuli yake ni kubwa, inaingia taratibu. Mtu anayetiririka jasho sana hii inamsaidia nusu siku tu, hapo namba 1 bado inashinda.

Na limau? Hapana. Najua linasifiwa kila mahali, ila pH yake ni kama 2, huo ni ukali mwingine kabisa, na juisi ya ndimu au limau ikikaa kwenye ngozi halafu ikapigwa na jua inaweza kukuachia malengelenge na madoa meusi ya muda mrefu. Siki ni afadhali, ile ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, ichanganye na maji mengi, paka, subiri ikauke na harufu yake itaondoka nayo. Ukisikia inachoma acha.

Namba 3: jiwe la shabu

Kwa bei dhidi ya muda hakuna kinachoifikia. Unalowesha jiwe, unasugua kwapani, linaacha utando wa chumvi usioonekana ambao bakteria hawaupendi. Halina harufu, halichafui nguo, na jiwe moja unaweza kukaa nalo mpaka ukasahau ulilinunua lini. Ukimaliza lisuuze ulifute, ukiliacha kwenye maji linayeyuka, na likidondoka likavunjika angalia kingo zake, zinakata kama kioo.

Kinachonikera ni maandishi ya kwenye paketi, "haina aluminiamu". Shabu ni chumvi ya potasiamu na ALUMINIAMU, hakuna shabu isiyo nayo. Haizibi vijitundu kama antipaspiranti, hilo ni kweli, lakini kama unalinunua kwa sababu unaikimbia aluminiamu basi umeuziwa unachokikimbia. Na tukiwa hapohapo, ule woga kwamba aluminiamu ya kwapani inaleta kansa ya matiti hauna ushahidi thabiti mpaka leo. Wanaotakiwa kweli kumuuliza daktari kwanza ni wenye matatizo ya figo.

Namba 4: bekingi soda na mafuta ya nazi

Kwa harufu peke yake hii ingekuwa juu zaidi, bekingi soda inafanya kazi haswa. Tatizo ni ngozi. pH yake iko juu ya 8 na ngozi nimesema ni 5, sasa ukipaka kila siku ule ukinga wa ngozi unachoka, mwanzo hausikii kitu, baadaye kwapa linaanza kuwasha, linakuwa jekundu, linachubuka, halafu linabaki jeusi. Wapo wasiodhurika kabisa na hao ndo wanaoisifia kila mahali. Ukiamua kuinunua hakikisha bekingi soda haiko kwenye viambato viwili vya mwanzo. Na mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenye joto stiki yako itakuwa mchuzi, na mchuzi huo ukiingia kwenye shati doa halitoki kirahisi.

Namba 5: sprei za mafuta ya kunukia peke yake

Lavenda, tii trii, na ndugu zake. Tii trii inaua bakteria kiasi, nyingine nyingi ni pafyumu iliyobadilishiwa jina. Watu wanadhani kikitoka kwenye mmea basi hakina alaji (mzio), wakati haya mafuta ni kati ya vitu vinavyoongoza kwa alaji za ngozi, na chupa ikifunguliwa ikakaa miezi ndo inazidi kuwa kali maana hewa inaibadilisha. Pafyumu juu ya kikwapa ni harufu mbili.

Zinazobaki dukani: vidonge na maji ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwa mtu wa kawaida, ushahidi wake ni hafifu mno, na udongo wa "kuondoa sumu kwapani". Kwapa halitoi sumu, kazi hiyo ni ya ini na figo. Wanaokwambia unanuka zaidi wiki za mwanzo kwa sababu sumu inatoka wanakuuzia udongo, ukweli ni kwamba umeacha antipaspiranti, vijitundu vimezibuka na bakteria wameongezeka. Basi.

Chakula je?

Kinasaidia, ila kidogo kuliko unavyosoma, na hapa hakuna cha kununua zaidi ya kuacha vitu. Kitunguu saumu ndo kesi iliyo wazi, kikishasagwa tumboni kinatoa kemikali ya salfa inayoingia kwenye damu halafu inatoka kwa pumzi na kwa ngozi, ndo maana hata ukipiga mswaki mara ngapi bado kipo. Cha kuchekesha ni kwamba watafiti wa Ucheki waliwapa wanaume kitunguu saumu wakawanusisha wanawake jasho lao la kwapani, na waliokila ndo wakaonekana wananukia vizuri zaidi. Timu ya hukohuko Ucheki mwaka 2006 iliwanyima nyama wanaume kwa wiki mbili, na harufu yao bila nyama ikapendwa zaidi, ila walikuwa 17 tu kwa hiyo usiuze mbuzi wako bado. Uwatu unaleta harufu tamu tamu kwenye jasho na mkojo. Pilipili na kahawa zinaongeza jasho lenyewe, na pombe sehemu yake ndogo inatoka kwa pumzi na jasho.

Kama unanuka samaki na umeoga, hiyo ni habari nyingine, kuna watu mwili wao haumudu kuvunja kemikali inayotokana na vyakula kama mayai, maini, samaki na maharage, na hao kubadili chakula kunawasaidia kweli, ila waanze kwa daktari. Nenda pia kama harufu yako imebadilika ghafla au jasho la usiku linalowesha shuka. Na upande wa pili wapo waliobarikiwa: angalia nta ya masikio yako, ikiwa kavu ya kupukutika, kama walivyo watu wengi wa Asia Mashariki, jeni hiyohiyo uliyorithi inayoikausha nta ndo inayofanya kwapa lisinuke sana, na huenda huhitaji kununua chochote.

Kitu kimoja cha nguo, manake kinaharibu deodoranti nzuri: poliesta inashika harufu kuliko pamba. Shati la poliesta linaweza kutoka kwenye kamba likiwa safi na likaanza kunuka dakika chache baada ya kulivaa, na wewe unalaumu kopo.

Ukishachagua nunua kopo dogo. Paka kidogo ndani ya kiwiko siku mbili tatu uone kama ngozi inalalamika. Ikipita hapo, kwapa la kushoto weka mpya, la kulia weka unayoitumia siku zote, vaa shati la pamba, fanya shughuli zako, na jioni ukivua nusa shati upande mmoja mmoja. Usinuse kwapa lenyewe, pua ikishaizoea harufu yako inaacha kuisikia. Rudia siku nyingine kwa kubadilisha pande, maana kwapa mbili za mtu mmoja hazilingani, na ikishinda pande zote ndo ukachukue kopo kubwa.